Mbogi Hupatikana Lami Ikiisha

Nai imejaa watu, lakini ukishatoka campo uanze jobo, mabeshte hupungua mbio sana. Kila mse ako bize na hasla yake. Ka unataka mbogi mpya, ingia kwa msafara wa madinga za 4x4 muende mahali lami imeisha. Hii kitu naiamini na roho yote.

Fom huwa hivi. Wikendi asubuhi na mapema mnapatana kwa petroli stesheni. Kuna wa Prado, kuna wa Jimny, kuna mwenye amekuja na Land Rover ya mzae wake. Mwenye amepanga trip anagawa redio, kisha anapanga laini. Dere anayejua njia anakaa mbele, na ule amezoea kunasua magari anafunga mkia. Halafu anawapa sheria moja kubwa: dinga iko nyuma yako ni mzigo yako. Usipoiona kwa kioo, simama. Wa mbele yako naye asipokuona, atasimama, hadi laini yote itulie.

Urafiki huanzia hapo. Huyo mse hujui anafanya jobo gani, lakini tangu asubuhi umekuwa ukimcheki ka ako salama. Mkishuka kudishi, stori iko tayari.

Ka ndio unaanza, nenda Mlima Suswa. Iko hapo Bonde la Ufa, na Wamaasai wa huko ndio husimamia hifadhi. Mkiacha lami mnapunguza upepo kwa taya, ndio zitandae na zishike vumbi poa. Huko juu kuna kreta ndani ya kreta, mapango yenye nyani hulala, na wenyeji huvuna maji kutoka kwa mvuke wa ardhini.

Mvua ikipiga, ule udongo mweusi hunasa dinga hadi mlango. Wote mnashuka na jembe, kamba na jeki. Hapo cheo ya ofisi haina kazi. Fundi wa magari wa Grogan ndiye anatoa oda, na meneja wa benki anachimba matope.

Wenye wameiva huota Rhino Charge, mashindano ya 4x4 yenye yamekuwa tangu 1989. Unapewa masaa 10 kufikia vituo 13, na mshindi ni mwenye amepita vyote kwa kilomita chache zaidi. Ndio maana kuna wasee hukimbia na miguu mbele ya dinga, ndani ya miiba, wakimtafutia dere njia. Doo yenye timu huchangisha huenda kwa shirika la Rhino Ark, na ndiyo ilisaidia kujenga ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, ulioisha 2009. Maji mingi ya Nai hutoka huo msitu.

Huna dinga? Usijifungie keja. Viti huwa, mnachanga tu doo ya mafuta. Beba maji, tochi na dishi ya kugawa. Lipa geti, salimia wazee wa hapo, usikanyage nyasi ya ng'ombe wao na gari, na urudi na takataka zako.

Mkisharudi tao, endelea kumwangalia mwenye alikuwa nyuma yako. Katikati ya wiki mpigie, uliza jobo inaendaje na mamake ako aje. Trip ikitokea tena, mwekee kiti kabla aulize.