Neno "Homa" na Uamuzi wa Kitabibu: Mfano wa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Uamuzi wa kitabibu huanza na maneno kabla ya vipimo. Mgonjwa hueleza, muuguzi husikiliza na kuandika, tabibu husoma na kuamua. Moshi, kama kwingineko Tanzania, maelezo hutolewa kwa Kiswahili, au kwa mojawapo ya lahaja za Kichaga kwa baadhi ya wazee wa Machame, Kibosho na Rombo, ilhali kumbukumbu za hospitali huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo muuguzi ndiye mfasiri wa kwanza. Makala haya yanachunguza neno moja lipitalo njia hiyo kila siku, yaani homa, na yanadai kwamba maana zake zisipotenganishwa, huweza kumpotosha tabibu.

2.0 Maana za Neno Homa

Neno homa lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni joto la mwili lililopanda kuliko kawaida. Hiyo ni dalili. Aidha, neno hilohilo hutaja ugonjwa: asemaye "nimeshikwa na homa" huweza kumaanisha kwamba mwili unachemka, au kwamba ana malaria. Hali kadhalika, homa ni neno jumuishi lenye hiponimu nyingi: homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo. Magonjwa hayo hayatambuliki bila kifafanuzi. Malaria peke yake huweza kutajwa kwa homa tupu.

Kwa upande mwingine, lipo neno degedege, litajalo mtukutiko wa mtoto. Katika jamii kadhaa za Tanzania, degedege limehesabiwa kuwa ugonjwa mbali, usiohusiana na homa. Hapa hatari inageuka: malaria kali huweza kutofikiriwa kwa sababu neno homa halikutajwa.

3.0 Ushahidi

Uzito wa suala hili unadhihirika katika tafiti mbili. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2004, ilihusu hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali na ambao damu yao ilichunguzwa upya, 2,062 tu, yaani asilimia 46.1, walikuwa na vimelea. Miongoni mwao walifariki 142 (asilimia 6.9), miongoni mwa 2,412 wasio na vimelea walifariki 292 (asilimia 12.1).

Utafiti wa pili ulifanyika Moshi penyewe, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 hadi 2008, na ulichapishwa mwaka 2013. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa, 528 waliamuliwa kitabibu kuwa na malaria. Waliothibitishwa kuwa malaria ndiyo iliyowaugua ni 14. Miongoni mwa waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, 118 walikutwa nayo: 40 leptospirosisi, 36 homa za vipele ziletwazo na kupe, 24 homa ya Q, 16 brusela, na wawili aina nyingine. Wengine 55 walikuwa na chikungunya.

Haifai kudai kwamba neno pekee ndilo lililosababisha hali hiyo. Upungufu wa maabara na hofu ya kuiacha malaria bila tiba vilichangia. Hata hivyo, lugha ilirahisisha kosa. Dalili na ugonjwa vilipokuwa na jina moja, hatua ya kutoka kwenye dalili hadi kwenye ugonjwa haikuonekana kuwa hatua.

4.0 Jina na Kufikirika kwa Ugonjwa

Ugonjwa usio na jina katika lugha ya mgonjwa ni vigumu kuulizwa. Chikungunya, iliyozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ilipata jina kutoka Kimakonde, kwa kuwa maumivu ya viungo humkunja mgonjwa. Vivyo hivyo, Julai 2022, ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ulipotambuliwa kuwa leptospirosisi, ulitangazwa kwa jina la homa ya mgunda, yaani homa ya shamba. Kifafanuzi hicho hutaja mahali, na mahali huzaa swali: mgonjwa amelima wapi?

Swali hilo lina maana kubwa Kilimanjaro. Katika vihamba vya miteremkoni, ng'ombe hufugwa zizini karibu na nyumba. Katika tambarare za Mabogini na Chekereni hulimwa mpunga wa umwagiliaji. Malaria hupungua kadiri mtu apandavyo mlima, lakini mkazi wa juu huweza kuwa na shamba bondeni. Neno homa halielezi lolote kati ya hayo.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka kimepunguza utata, ila hakijaumaliza: jibu likiwa hapana, mgonjwa angali na homa, na muuguzi angali na kazi ya kuuliza. Inapendekezwa kwamba mafunzo ya uuguzi yahusishe semantiki ya maelezo ya mgonjwa. Muuguzi aandike joto alilopima, si ugonjwa aliousikia. Aulize limeanza lini, kama mgonjwa anafuga, anakunywa maziwa mabichi au anaingia majarubani. Wanaisimu, kwa upande wao, wanadaiwa vifafanuzi vya homa ambazo bado hazina majina yanayoeleweka vijijini.