Mwezi mmoja ushago na ng'ombe wa karo yangu

NILIPANDA matatu pale Nyamakima nikiwa na begi moja, laptopu na uongo mdogo. Uongo wenyewe ulikuwa kwamba naenda nyumbani Ol Kalou "kupumzika kidogo". Ukweli ni kwamba mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli ya keja yangu Roysambu, na godoro langu lilikuwa limehamia kwa rafiki.

Mama hakuuliza kitu. Alinitazama viatu, akanipakulia githeri, kisha akasema: "Baba yako mgongo unamsumbua. Kesho utaamka saa kumi na moja umkamue Madoa."

Ndivyo Julai yangu ilivyoanza.

Kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri Nyandarua mwezi wa Julai, usinicheke. Kuna asubuhi unatoka nje unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi, na jua likishapanda majani ya waru yanakunjamana meusi kama yamemwagiwa maji moto. Maji ya kuosha kiwele lazima yapashwe, na si kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Vidole vyako pia vinayataka.

Mimi nimezaliwa hapa, lakini kukamua niliacha nikiwa darasa la nane. Nilimkaribia Madoa kama mtu anayeenda kuomba mkopo. Akanigeukia, akanusa jaketi langu la Nairobi, kisha akaipiga ndoo teke. Siku hiyo nilitoa lita tatu kwa ng'ombe ambaye asubuhi hutoa saba.

"Amezuia," Baba alisema akiwa ameegemea mlango wa zizi.

Ng'ombe akiogopa, maziwa hayashuki hata ukivuta hadi jioni. Na kumbe havutwi. Unafinya kutoka juu, kidole kimoja baada ya kingine. Matone ya kwanza unayakamulia kwenye kikombe uone kama yana mabonge, kwa sababu mabonge ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa hayo hayapelekwi popote. Yote haya Baba alinieleza akimtazama Madoa. Baba huongea nami akitazama ng'ombe. Imekuwa hivyo kwa miaka mitatu, na sababu yake nitaifikia.

Gari la maziwa hupita kwenye barabara yetu saa kumi na mbili na dakika ishirini, na halingoji mtu. Wiki ya kwanza liliniacha mara mbili, nikalipa boda anikimbizie mkebe. Ukipiga hesabu, faida ya asubuhi hizo mbili alikula mtu wa boda. Mama aliandika deni hilo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni.

Kalenda hiyo ndiyo ofisi ya boma letu, na bosi wake ni dadangu mdogo aliye gredi ya sita. Ameandika tarehe ya chanjo ya kuku, siku Madoa alipopandishwa, siku ya dawa ya minyoo. Siku yangu ya pili nyumbani kuku mmoja aliwekewa mayai kumi na mawili aatamie, na dadangu akahesabu siku ishirini na moja mbele, akachora mviringo.

Siku ya nane usiku alikuja kuazima tochi ya simu yangu. Tulizima taa, tukamulika yai moja moja. Yai zuri linaonyesha mishipa myembamba kama miguu ya buibui, na doa jeusi katikati. Yai bovu linang'aa tupu. Mawili yalikuwa tupu. Mimi nimelipia bando nione mambo mengi kwenye simu hiyo, lakini wacha nikwambie, sijaona kama lile doa lililojisogeza.

Na kulikuwa na Karembo.

Karembo ni Friesian, mweusi mwenye shati jeupe kifuani. Wakati nafika alikuwa ameshakaushwa, yaani hakamuliwi kwa miezi miwili hivi kabla ya kuzaa ili mwili ujijenge. Kazi yake ilikuwa kula nepia na kunitazama. Mamake aliuzwa miaka mitatu iliyopita, nikajiunga na chuo. Pesa zote ziliingia kwa karo na kodi ya hosteli. Nilisoma muhula mmoja na nusu. Hakuna aliyenikosea, nilikuwa nakaa nyuma ya darasa nikiandika vichekesho vya mtandaoni huku wenzangu wakiandika noti, na asubuhi moja sikuamka kwenda. Nyumbani niliwaambia baada ya miezi minne. Baba alisema "sawa" kwa simu, akakata.

Hatukuwahi kulizungumza tena.

Siku ya kumi na nane alikuja broka. Unawajua: koti refu, gamubuti safi kuliko za mwenye ng'ombe. Alimpapasa Karembo mgongoni, akamtazama kiwele, akataja bei. Baba akamjibu, "Ngoja azae kwanza." Ng'ombe mwenye maziwa na ndama huuzwa vizuri zaidi, hilo hata mimi najua. Lakini sikuelewa kwa nini tunauza.

Jioni, tukikata nepia, dadangu alinieleza kana kwamba anasoma kutoka kwenye kalenda yake. "Karembo ni karo yako. Baba ameambia Mama utarudi chuo Septemba."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Kila asubuhi nilimkuta Baba zizini, nikafungua mdomo, nikauliza kuhusu maji ya moto. Mimi ndiye huyo anayeandikia watu mtandaoni "kuwa jasiri, sema ukweli wako". Nimeandika hivyo mara nyingi, na hata kulipwa kidogo.

Siku ya ishirini na tatu vifaranga tisa vilitoka. Mwewe alichukua wawili kabla ya wiki kwisha, Simba akiwa amelala hatua chache kutoka pale. Mbwa mwenye jina kubwa, kazi hakuna.

Karembo alizaa usiku wa siku ya ishirini na tano bila usumbufu. Ndama dume. Kila mtu aliguna kidogo, kwa sababu mtamba angekuwa ng'ombe wa kesho, na dume ni mdomo wa kulisha tu. Lakini alisimama, akayumba, akanyonya dang'a yake, tukaenda kulala.

Kulipokucha nilimkuta Karembo ameanguka. Amelala kifua chini, shingo imepinda, kichwa amekigeuzia ubavuni. Nilimsukuma, hakujali. Nilishika masikio yake, yalikuwa baridi kama chuma cha lango.

Baba alikuja akitembea upande kwa sababu ya mgongo. Alimtazama mara moja tu. "Homa ya maziwa. Piga simu."

Jina hilo linadanganya, maana si homa, na mwili wenyewe hupoa. Ng'ombe wa maziwa mengi akishazaa, kalisi yote hukimbilia kwenye maziwa, na damu inabaki bila ya kutosha kuendesha misuli. Akikosa dawa anaweza kufa siku hiyohiyo. Daktari wa mifugo alisema anakuja, elfu tatu na mia tano. Baba alikuwa na elfu moja. Mimi nilikuwa na elfu mbili na mia nane kwenye M-Pesa, pesa ya tangazo nililoandikia duka moja la viatu. Nilikuwa nimezipanga ziwe nusu ya deni la keja.

Tulimwekea magunia pande zote mbili asianguke ubavu, tukakaa chini tukimshikilia, mmoja huku na mwingine kule. Kwa mara ya kwanza Baba hakuwa na pa kutazama ila usoni kwangu.

"Baba, usimuuze Karembo."

"Nani amesema nauza?"

"Hapa nyumbani hata kuku wanajua."

Alinyamaza. "Na chuo?"

"Sirudi, Baba. Si kwamba sina karo. Sirudi tu."

Alirekebisha gunia ambalo halikuwa na shida. "Mamake alikuwa na mimba ya miezi mitano nilipomuuza," akasema. "Ungeniambia tu kwamba hutaki."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Nilisema pole. Pole yangu ilitoka ndogo sana, lakini Karembo alikuwa katikati yetu na hapakuwa na mahali pa kwenda.

Daktari alifika, akatundika chupa ya kalisi, akaiacha iingie kwenye mshipa wa shingo polepole huku akisikiliza moyo, maana ikiingia kwa kasi moyo unaweza kusimama. Nusu chupa, Karembo akaanza kutetemeka. Akateuka kwa sauti. Baba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nitoke sekondari. Kabla hatujamaliza chai alikuwa amesimama, miguu imetanuka, akimtafuta ndama.

Nililipa. Salio langu lilibaki shilingi mia tatu, na siku hiyo sikugusa Fuliza.

Broka alipiga simu baada ya siku tatu. Baba aliongea naye akiwa uani, nikasikia tu "huyo haendi". Mama alijifanya anachagua mchele. Kuhusu nitakachofanya na maisha yangu bado hatujakubaliana. Baba anadhani kuandika mtandaoni ni kama kuuza hewa, na kuna wiki namwona ana haki. Amesema nitafute kozi fupi ya hapa karibu. Nimesema nitaangalia. Simu ya mwenye nyumba bado naiogopa.

Nilikuwa nimewaambia nakaa mwezi mmoja. Leo ni siku ya thelathini na nne. Madoa sasa ananiachia lita sita na nusu, Karembo anazidi kupanda kila siku, na dadangu ameongeza safu kwenye kalenda yenye jina langu, chini ya kuku. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya tangi la maji, ndipo neti hushika. Ni saa kumi na mbili na dakika kumi na tano. Baba anaita kutoka langoni, anasema gari tayari liko kwa jirani.