Kanzidata: daftari kubwa nyuma ya simu yako

Saa moja jioni, Mbagala Rangi Tatu. Daladala zinashusha watu na foleni kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu inarefuka. Mezani kuna daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, namba ya simu, kiasi, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mteja. Daftari hilo linamtosha wakala kwa sababu anayeliandika ni yeye peke yake. Lingegombewa na watu elfu kumi, kuanzia Mbagala hadi Bunju, lisingefika saa mbili.

Miamala hiyo hiyo inaandikwa pia kwenye kanzidata, yaani daftari lililo ndani ya kompyuta. Programu inayoitunza huitwa mfumo wa kusimamia kanzidata, na mabenki, hospitali, kampuni za simu na ofisi za serikali zinautegemea. Kuhifadhi hata kabati huhifadhi. Ugumu uko katika kulinda ukweli wakati maelfu wanaandika kwa pamoja.

Mama wa Mbagala anamtumia mwanawe wa Tegeta shilingi 30,000. Hapo kuna hatua mbili: kupunguza salio la mama na kuongeza la mwana. Umeme ukikatika katikati, fedha zinaweza kupotea. Kwa hiyo mfumo huandika kwanza kwenye shajara yake kile unachotaka kufanya, ndipo uguse salio. Ukiwaka tena, unaisoma shajara: muamala uliokamilika unabaki, ulioishia njiani unafutwa kana kwamba haukuwahi kuwapo. Ama hatua zote mbili, ama hakuna hata moja. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kazi bora kabisa za wahandisi wa kompyuta, na tunastahili kuijua.

Msingi wa mifumo mingi ya leo uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko California. Alitaka taarifa zipangwe kwenye majedwali, na kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Faida yake tuitazame hapa nyumbani. Temeke ilipomegwa ikazaliwa Manispaa ya Kigamboni. Kinondoni nayo ikamegwa ikazaliwa Ubungo. Karani wa mafaili angelazimika kukata neno "Temeke" kwenye fomu ya kila mkazi wa kata zilizohama, moja baada ya nyingine. Kwenye majedwali yaliyopangwa vizuri, mkazi ameunganishwa na kata yake, kata na wilaya. Unabadilisha mstari mmoja wa kata, wakazi wote wamehama.

Majina hayafai kuwa kiungo, maana akina Asha Juma wamejaa Temeke. Ndiyo sababu namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, na kila mtu ana yake.

Lakini mfumo haujui kwamba karani kaandika Mwanaid badala ya Mwanaidi. Utalitunza kosa hilo kwa uaminifu ule ule, mpaka siku benki ikukatalie kwa sababu majina hayalingani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe. Ni nafuu zaidi kuwahi. Unapoandikishwa popote, omba kusoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi, kabla karani hajabonyeza.