Kula Kijapani Düsseldorf: Tiketi Ikatwe Mwisho

Tangu Pasaka, kila tunapokutana msikitini, kanisani au harusini, swali ni lile lile: "Nina ukaazi wa kudumu Uingereza, Düsseldorf viza ya nini?" Kuna familia ya wenzetu iliyozuiwa kwenye dawati la uwanja wa ndege, mabegi yameshapimwa na watoto wameshavaa makoti. Hela ya tiketi na ya hoteli imepotea.

Ukaazi haubadilishi pasipoti. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata akienda kulala usiku mmoja.

Watu wengi wananaswa kwenye miadi ya kuomba viza. Nafasi za Ujerumani zikijaa, mtu anashauriwa aombe kupitia nchi nyingine yenye nafasi, kisha aende zake Düsseldorf. Msikubali. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Siku tatu Düsseldorf na moja Amsterdam, ombi ni la Ujerumani. Kudanganya ratiba ni kujitafutia kukataliwa.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima isipungue yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibakize miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Majibu huchukua siku 15, lakini wanaweza kuvuta hadi 45. Inaudhi kwamba mtu anayefanya kazi na kulipa kodi hapa miaka yote anasubiri hivi kwa ajili ya wikendi moja, na simu haipokelewi. Basi anzeni mapema.

Mji wenyewe unastahili taabu hiyo. Kampuni za Japani zilihamia huko baada ya vita zikifuata chuma na viwanda vya eneo la Ruhr, na wapishi wakafuata. Immermannstraße, mtaa wa migahawa yao, iko hatua chache kutoka stesheni kuu. Migahawa mingi ya rameni haipokei oda ya meza, kwa hiyo fikeni kabla ya saa sita mchana. Waislamu, ulizeni kabla ya kukaa: tonkotsu ni supu ya mifupa ya nguruwe, na michuzi mingi hutiwa mirin, ambayo ina kileo. Maduka mengi hufungwa Jumapili. Siku hiyo nendeni bustani ya Kijapani ya Nordpark, isiyo na kiingilio, au hekalu la EKŌ-Haus ng'ambo ya Rhine.

Hoteli iwe ya kufutika bila faini. Viza ikitoka, someni stika palepale dirishani: jina, tarehe, idadi ya kuingia. Kosa likiwepo lisahihishwe kabla hamjaondoka. Ndipo mkate tiketi.