SIMBA WA NAIROBI WAZIBIWA NJIA

Wakazi wa Kabiria na mitaa mingine ya magharibi ya Nairobi hawakai mbali na simba. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ndiyo ya kwanza katika Kenya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu, nayo imepakana na jiji.

Ua wa waya ulio upande wa jiji waonekana na kila mpita njia. Lakini upande wa kusini, penye Mto Mbagathi, sehemu kubwa ya mpaka haina ua, wala huo si uzembe. Wakati wa mvua nyumbu na punda milia huvuka mto kwenda kula majani katika nyanda za Kitengela na Kaputiei, na wakati wa kiangazi hurudi mbugani kutafuta maji. Simba naye hufuata chakula chake.

Zamani nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wamaasai, na ng'ombe walikula majani pamoja na nyumbu. Baadaye ardhi iligawanywa ikauzwa vipande vipande. Karani ajiwekea akiba, anunua kiwanja, azungusha waya. Hana nia mbaya hata kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Nyumbu wamepungua sana tangu miaka ya 1970, na simba akosaye nyumbu huingia zizini.

Matokeo yake yamekwisha onekana. Mwezi wa Juni 2012, simba 6 waliouvamia mji mmoja wa Kitengela na kuua mbuzi waliuawa na wenyeji. Mwezi wa Machi 2016, simba dume mashuhuri aitwaye Mohawk alifika Isinya, akazingirwa na watu, akamjeruhi mmoja wao, kisha akapigwa risasi na askari wa wanyama.

Mfugaji naye asilaumiwe bure, maana ng'ombe wake ndiye karo ya watoto. Dawa iliyosaidia ilitoka kwa kijana wa Kimaasai, Richard Turere. Akiwa na umri wa miaka 11, aligundua kuwa simba huogopa taa inayotembea. Basi alifunga balbu kuzunguka zizi, zikawaka na kuzimika kwa zamu kwa nguvu ya betri na jua. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza kazi yake.

Taa, hata hivyo, hulinda zizi; haifungui njia. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi ya Kitengela dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua.

Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa Kenya nzima ilikuwa na simba 2,589. Basi anunuaye kiwanja huko kusini, kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, yampasa awaulize wazee wa mahali pale njia ya wanyama hupita wapi. Na azungushie ua nyumba na zizi lake, sehemu iliyobaki aiache wazi.