Gari likigoma alfajiri ya baridi: anza na betri, lakini usisahau ekzosi

Ukimpigia simu mdogo wako anayeishi Minnesota mwezi wa Januari, usishangae akikujibu mbiombio: "Shikamoo kaka, nitakupigia baadaye, gari limegoma na watoto wanachelewa shule."

Huku kwetu gari likigoma unaita vijana wa kijiweni, wanasukuma, unaachia klachi, safari inaendelea. Kule nje ni nyuzijoto 25 chini ya sifuri, kijiwe hakuna, na gari lenyewe ni la otomatiki ambalo hata likisukumwa kutwa nzima haliwaki.

Makala ya leo ni ya wazazi wenzetu walioko kwenye baridi hiyo: Wakenya wa Minneapolis, Wakongo wa Portland kule Maine, familia kutoka Maziwa Makuu zilizohamia Winnipeg na Edmonton nchini Kanada. Wengi walijifunzia gari Nakuru, Mwanza au Bukavu, ambako mwalimu wa udereva hana sababu ya kufundisha habari za theluji. Wewe uliyeko nyumbani, mtumie ndugu yako aisome kabla baridi haijaanza, maana kazi kubwa hufanyika Oktoba.

Baridi inaifanya nini betri

Ndani ya betri ya gari mna vibao vya risasi vilivyozama kwenye maji yenye tindikali. Umeme unatokana na tindikali hiyo kufanya kazi kwenye vibao. Baridi ikizidi, kazi hiyo inakwenda polepole, na umeme unaotoka unapungua.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kinaeleza kwamba hali ya hewa ikifika nyuzijoto sifuri, betri hupoteza kama asilimia 35 ya nguvu zake. Ikifika nyuzijoto 18 chini ya sifuri, hasara inaweza kufika asilimia 60. Na huko si kwa kutisha watu tu: Januari 30, 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzijoto 33 chini ya sifuri.

Wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito kama asali ya siku nyingi, hivyo stata inahitaji nguvu nyingi zaidi kuizungusha injini, hata mara mbili ya kawaida. Betri ina nguvu kidogo, injini inadai nyingi. Betri mpya inamudu. Betri iliyochoka inakuangusha asubuhi ya Jumatatu.

Wengi hawajui kwamba uchovu huo betri iliupata miezi mingi nyuma, wakati wa joto. Joto ndilo linalokausha maji ya betri na kula vibao vyake. Ndiyo maana hata Dar es Salaam na Mombasa, ambako hakuna theluji, betri hazidumu. Ila kwenye joto betri mbovu bado ina uwezo wa kuwasha gari, kwa hiyo mwenye gari anadhani ni nzima mpaka baridi ije.

Kuna na jambo la mwendo mfupi. Mzazi anatoka nyumbani hadi shuleni dakika saba, kutoka shuleni hadi kazini dakika kumi. Humo njiani kawasha hita, taa, kiti cha joto, kiyeyusha barafu cha kioo cha nyuma, na simu mbili za watoto zinachajiwa. Alteneta haipati muda wa kurudisha umeme uliotumika kuwasha gari. Akifanya hivyo wiki nzima, betri inazidi kuisha bila yeye kujua. Safari moja ya Jumapili, ya nusu saa au zaidi kwenye barabara kuu, inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kazi ya Oktoba

Betri nyingi huishi miaka mitatu hadi mitano. Kama uliinunua gari mkononi mwa mtu, soma kibandiko cha betri ujue ni ya mwaka gani. Ikiwa imefikisha miaka minne, ipeleke ikapimwe. Maduka mengi ya vipuri Marekani hupima bure, kwa sababu yanatarajia kukuuzia nyingine. Usione haya kupima na kuondoka.

Mwenye kipimo chake cha volti apime asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na kwa mtu wa Winnipeg hiyo ni dalili ya kuitafutia chaji siku hiyohiyo.

Ukinunua mpya, usidanganywe na rangi ya boksi. Tafuta namba iliyoandikwa CCA. Ni idadi ya ampia ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri bila volti kushuka chini ya 7.2. Kitabu cha gari kinasema kiwango ambacho injini yako inahitaji. Kuzidi kidogo hakuna ubaya; kupungua ndiko kutakuamsha saa kumi na moja alfajiri ukiomba msaada kwa jirani.

Angalia pia vichwa vya betri. Vikiwa na ukoko mweupe au wa kijani, umeme unapita kwa shida hata kama betri ni mpya kabisa. Fundi anavisugua kwa brashi ya waya na kuvikaza, kazi ya dakika chache. Nimesikia watu wakinunua betri mbili kwa mwaka kumbe shida ilikuwa nati iliyolegea.

Kwa walioko Kanada kuna kifaa kingine: hita ya injini. Wageni wengi wakifika Winnipeg wanashangaa kuona magari ya petroli yana waya wa plagi unaoning'inia mbele, wakidhani ni ya umeme. Waya huo unachomekwa kwenye soketi ya nje ili injini isigande. Haina haja ya kukesha: saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, na taima ya bei ndogo inaiwasha yenyewe ukiwa umelala. Tumia waya wa kuunganishia uliotengenezwa kwa ajili ya nje, na uchomoe kabla ya kuondoka. Wapo waliokwenda na soketi.

Asubuhi imekwishaharibika

Umekaa kwenye usukani, umegeuza ufunguo, gari halijawaka. Kwanza watoto warudi ndani ya nyumba. Hata wakilia kwamba wanakosa uji wa shule, warudi. Hutaweza kufikiri vizuri huku mdogo anasema vidole vinauma.

Kisha sikiliza. Likitoa mlio wa tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia, betri imeisha nguvu. Kukiwa kimya kabisa, angalia vichwa vya betri. Lakini kama injini inazunguka kwa nguvu bila kushika, tatizo liko kwingine, mathalani kwenye mafuta, na ukiendelea kung'ang'ania utamaliza na betri iliyokuwa nzima. Zima hita, redio na taa, jaribu kwa sekunde zisizozidi kumi, kisha subiri dakika moja au mbili kabla ya kujaribu tena.

Kabla ya kubusti, fungua boneti uiangalie betri yenyewe. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzijoto 50 chini ya sifuri. Iliyoisha chaji maji yake yanakaribia kuwa maji matupu, na yanaganda kwenye baridi ya kawaida tu. Ukiona imevimba ubavuni au ina ufa, usiibusti wala usiichaji. Inaweza kupasuka na kukurushia tindikali usoni. Hiyo ni ya kumwita fundi.

Ikiwa salama, jirani asogeze gari lake, yasigusane, na yote mawili yazimwe. Waya mwekundu unaanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi unaanza kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari lako, mbali na betri. Sababu yake ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni, na muunganisho wa mwisho ndio unaoruka cheche.

Jirani awashe gari lake, mngoje dakika tano hivi, halafu wewe ujaribu. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma, wa mwisho kufungwa awe wa kwanza kutolewa. Baadhi ya magari betri yake iko kwenye buti au chini ya kiti, na kitabu cha gari kitakuonyesha sehemu maalumu ya kubania nyaya.

Baada ya hapo endesha nusu saa bila kuzima. Ukifika shuleni, mwalimu au mzazi mwenzako ampokee mtoto mlangoni mwa gari, wewe ubaki kwenye usukani. Wazazi wanaozima getini "kwa dakika moja tu" ndio wanaorudi kupiga simu tena.

Siku hizi kuna visanduku vidogo vya kubusti visivyohitaji gari la pili. Ni vizuri, hasa kwa mama anayeishi na watoto peke yake. Lakini kisilale ndani ya gari, maana nacho kina betri na baridi itakimaliza vilevile. Kikae ndani, karibu na mlango.

Hatari iliyo kubwa kuliko kuchelewa

Gari likishawaka, mzazi anataka lipate joto kabla watoto hawajaingia. Hapa ndipo naomba usome polepole.

Januari 2016, dhoruba kubwa ya theluji ilipiga mashariki ya Marekani. Katika mji wa Passaic, New Jersey, baba mmoja alikuwa akiondoa theluji kuzunguka gari la familia. Mkewe na watoto wao wawili walikaa ndani, injini ikiwaka, ili wapate joto. Ekzosi ilikuwa imezibwa na theluji. Moshi haukuwa na pa kutokea ila kurudi ndani. Mama na mtoto wake wa mwaka mmoja walifariki, na binti wa miaka mitatu akafariki baadaye hospitalini. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka walipo.

Gesi iliyowaua ni kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Anayeivuta anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Mtoto akisinzia kwenye gari lenye joto asubuhi, nani atashtuka?

Kwa hiyo theluji ya kwanza kuondolewa ni ile ya nyuma, kwenye ekzosi, kabla ufunguo haujaguswa. Na hakuna mtu anayekaa ndani ya gari linalonguruma huku wengine wakichimba theluji.

Gereji nayo ni vivyo hivyo. Kufungua mlango wake hakutoshi. Toa gari nje kwanza. Gereji iliyoungana na nyumba inaweza kupitisha gesi hiyo hadi vyumba vya kulala, na wenye magari yanayowashwa kwa rimoti wakiwa jikoni wawe waangalifu maradufu. Nyumba iwe na kengele ya kugundua kaboni monoksidi, na betri yake ikaguliwe. Mtu akionyesha dalili, wote watoke nje kwenye hewa, mpige 911.

Wala hakuna sababu ya kuliacha gari lingurume robo saa. Injini za kisasa zinahitaji kama nusu dakika hadi dakika moja, kisha unaondoka taratibu. Hupata joto upesi zaidi zikiwa mwendoni. Kuliacha likiwaka barabarani bila mtu, au na watoto peke yao, ni kumwitia mwizi. Magari yameibwa hivyo na mtoto akiwa kiti cha nyuma.

Kuhusu baridi ya hizo dakika za kwanza: mvue mtoto lile koti nene lenye manyoya kabla ya kumfunga kwenye kiti chake, mkanda ukaze mwilini, kisha mfunike blanketi juu ya mkanda. Koti nene linaacha mkanda ukiwa mlegevu bila wewe kuona, na gari likigonga, mtoto anachomoka.

Kwenye buti weka blanketi, sepetu ndogo, tochi, maji, vitu vya kutafuna na nepi kama yupo anayezitumia. Mkikwama barabarani kwenye dhoruba, bakini ndani ya gari, msiende kutafuta msaada kwa miguu na watoto. Washa injini na hita dakika kumi tu kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo, na kila kabla ya kuwasha mtu mzima mmoja ashuke akaondoe theluji kwenye ekzosi.