Mumiani wa runinga na mchawi wa jirani

Mchezo wa runinga huwa na maisha mawili. Ya kwanza ni yale yanayopita kiooni kwa nusu saa kisha yakatoweka. Ya pili ni yale yanayoanza baada ya runinga kuzimwa, watazamaji wanapouchambua mchezo, wakaukosoa na kuutania. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya tisini watakubaliana nami kwamba katika vijiji vya Kisii na Nyamira, ambako runinga moja iliyoendeshwa kwa betri ya gari ilihudumia mlima mzima, vituko vya Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi vilichambuliwa kwa juma zima njiani kuelekea mtoni na katika foleni ya kupimia majani ya chai.

Maisha hayo ya pili ndiyo yanayonishughulisha mimi nisomeshaye isimu, kwa maana lugha ya mashabiki ina kanuni zake. Hivi karibuni nimekuwa nikisikiliza mazungumzo ya kundi la vijana mjini Kisii, ambao wamejipatia kupitia intaneti mchezo wa Kimarekani uliokwisha kuonyeshwa kabla hata wazazi wao hawajaoana. Mchezo huo ni Dark Shadows. Ulianza katika shirika la ABC tarehe 27 Juni 1966 na kukoma tarehe 2 Aprili 1971, baada ya vipindi 1,225. Uliasisiwa na Dan Curtis, nao unahusu ukoo wa Collins unaoishi katika jumba kuukuu liitwalo Collinwood, karibu na mji wa kubuniwa katika jimbo la Maine. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa kawaida wa siri za ukoo na mapenzi yaliyoingia nyongo. Mizimu ikaingia, na mnamo 1967 akaingia Barnabas Collins, mfu anyonyaye damu, aliyeigizwa na Jonathan Frid kutoka Kanada. Alikusudiwa kukaa muda mfupi tu, lakini watazamaji walimpenda mno hata ikawa hapana budi abaki.

Kiswahili hakihitaji kuazima neno la kumwitia kiumbe huyo. Tunaye mumiani, ambaye enzi za ukoloni aliwafanya watu wa Nairobi na Mombasa wawakimbie wazima moto, wakidhani kuwa gari jekundu limekuja kuchukua damu. Hata hivyo, vijana wangu hawamwiti mumiani. Wanamwita "Omogaka Barnaba", yaani Mzee Barnaba, kwa kuwa huku kwetu, ambako Wakatoliki walifika Nyabururu mnamo 1911 na Waadventista Nyanchwa mnamo 1912, Barnaba ni jina la mzee wa kanisa, mtu wa kukusanya sadaka na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Kicheko cha kwanza kinatokana na jina hilo tu.

Vicheko vingine vinatokana na mila. Barnabas anatolewa katika jeneza alimofungiwa kwa minyororo karibu karne mbili, anafika Collinwood usiku na kujitambulisha kuwa binamu kutoka Uingereza. Ukutani inaning'inia picha ya Barnabas wa kale, aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili, nao wenyeji wanasema tu kwamba kweli damu ya ukoo haipotei. "Kwetu angekwama mlangoni," kijana mmoja alisema. "Angeulizwa kwanza kama yeye ni Omogetutu au Omonyaribari, na boma la babu yake linapakana na la nani." Mwenzake akaongeza kwamba mgeni asiyeonekana mchana na asiyeonja hata tonge la obokima lazima ana neno. Wa tatu alishangazwa na upande mzima wa jumba uliofungwa bila mtu kulala humo. Katika kaunti ambayo sensa ya 2019 iliikuta na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba, alisema, vyumba hivyo vingekuwa na wapangaji, na mizimu ingedaiwa kodi.

Lakini kicheko kikubwa kuliko vyote ni kile cha makosa. Mchezo huo ulirekodiwa kila siku kwa haraka, na kuukata na kuuunganisha utepe wa picha enzi hizo kulikuwa kazi ghali. Mwigizaji alipokosea, aghalabu waliendelea tu. Ndiyo maana mpaka leo unaona mawe ya makaburi yakitikisika kama karatasi, nzi akitua usoni pa mtu anayetoa laana, fundi akikatiza nyuma ya mzimu, na Frid akitupa macho pembeni kutafuta ubao ulioandikwa maneno yake. Zaidi ya yote, unaiona maikrofoni ikishuka kutoka juu na kuning'inia karibu na kichwa cha mumiani. Vijana wameipa jina la mhusika. Ikitokea, wanapiga kelele kwamba jamaa yao amefika, na hofu yote iliyokuwa imejengwa kwa muziki na giza inayeyuka.

Naomba msomaji asiidharau maikrofoni hiyo. Inafundisha jambo ambalo mihadhara mingi imeshindwa kulifundisha: kwamba hofu ina mafundi wake. Kuna mtu aliyeandika maneno, mwingine aliyewasha taa, na wa tatu aliyeshika chuma kirefu chenye maikrofoni. Anayecheka ameshamwona fundi, na aliyemwona fundi hatishwi tena na kivuli.

Sasa niingie katika sarufi. Vijana hao wanapousimulia mchezo, husema, "Angelique alimroga Jeremiah ampende Josette." Sentensi imekamilika: yupo mtendaji, yupo mtendwa, na kosa linajulikana kwa kuwa sote tumeliona likitendwa. Mazungumzo yakihamia kijijini, sarufi hugeuka. Tunasikia, "Mtoto wa fulani amerogwa." Kitenzi kimevaa kauli ya kutendwa, na mtendaji ametoweka. Ukiuliza habari imetoka wapi, unajibiwa kwamba "inasemekana", neno ambalo halina mwenyewe. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kauli ya kutendwa huacha pengo, na akili ya msikilizaji haipendi pengo. Italijaza, na mara nyingi italijaza kwa jina la jirani aliye mnyonge kuliko wote.

Neno lenyewe ni la kale. Omorogi wa Ekegusii, mũrogi wa Kikuyu, omulogo wa Kiganda na kitenzi chetu cha kuroga vyote vimechipuka katika mzizi mmoja wa Kibantu. Wapo wanaodhani kwamba ukale huo ni ushahidi wa kuwapo kwa uchawi. Zimwi nalo ni neno la kale, na hakuna aliyekwisha kulipia hospitali kwa kung'atwa na zimwi. Umri wa neno huthibitisha umri wa hofu, basi.

Katika mchezo huo huo mna kisa ambacho vijana wangu hawakukicheka. Mwishoni mwa 1967 hadithi ilirudi nyuma hadi mwaka wa 1795. Victoria Winters, mlezi wa mtoto wa ukoo wa Collins, alijikuta ametupwa katika zama hizo, akiwa na nguo zisizofahamika na kitabu cha historia ya ukoo ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa. Mikosi ilipoiandama nyumba, mchungaji mkali aitwaye Trask alimtangaza Victoria kuwa mchawi. Kitabu kile kilipelekwa mahakamani kuwa ushahidi dhidi yake, akahukumiwa kunyongwa. Wakati wote huo mtazamaji anajua kwamba mrogi halisi ni Angelique, anayepita ukumbini akiwa bibi mwenye heshima. Vijana walikaa kimya, kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini: "Huyo Trask tunamjua."

Ni kweli tunamjua. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Nyakeo na vijiji jirani huko Kisii, makundi ya watu yalipita nyumba hadi nyumba na kuwachoma moto wazee wasiopungua 11, wengi wao akina mama, kwa tuhuma za uchawi. Miongoni mwa mambo yaliyoripotiwa wakati huo ni kwamba wanakijiji walidai kuokota, katika shule ya msingi, daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, pamoja na orodha ya watakaorogwa baadaye. Kwa mtu wa taaluma yangu, hilo ndilo jambo la kutisha kuliko mumiani yeyote. Liko andiko, na kila andiko lina mwandishi. Mwandiko ulikuwa wa nani? Tangu lini wachawi, ambao sifa yao kuu ni siri, wakaandika kumbukumbu za mkutano na kuzisahau darasani? Mtoto anayecheka maikrofoni ya Dark Shadows angeuliza maswali hayo katika dakika ya kwanza. Umati uliobeba petroli haukuuliza, na wazee wakafa kwa ushahidi wa daftari, kama ambavyo Victoria alihukumiwa kwa ushahidi wa kitabu. Tofauti ni kwamba kitanzi cha Victoria kilikuwa cha kuigiza.

Wala hayakuishia hapo. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wanne waliuawa na umati kufuatia uvumi kwamba mwanafunzi wa shule ya upili amerogwa. Tena hali ilikuwa ile ile: kauli ya kutendwa, pengo, na majina ya wanawake wenye umri mkubwa.

Najua hoja itakayotolewa. Wazazi na baadhi ya viongozi wa dini watasema kwamba michezo ya mizimu, iwe ya Marekani au filamu za Nigeria zilizojaa waganga na majini, ndiyo inayowapandikiza watu imani hizi, na dawa ni kuipiga marufuku. Historia haikubaliani nao. Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mnamo 1925, wakati ambapo hapakuwa na runinga popote nchini. Mauaji ya washukiwa wa uchawi huko Gusii kati ya 1992 na 1994, ambayo mtafiti Justus Ogembo aliyachunguza katika kitabu chake cha 2006, yalitokea katika vijiji ambako nyumba nyingi hazikuwa na hata taa ya umeme. Kiini chake ni msiba usiofafanuliwa, ugomvi wa ndugu na, katika nchi iliyobanana kama yetu, kipande cha shamba ambacho mjane mzee bado anakikalia.

Isitoshe, kuna tofauti kubwa kati ya anayetazama hadithi na anayeishi ndani yake. Mwenye kuitazama anajua itakwisha na kwamba aliyekufa leo atapokea mshahara wake kesho. Aliyeingizwa ndani ya hadithi bila kujua hana nafasi ya kucheka. Kwa hiyo, sioni sababu ya kuwanyang'anya vijana mumiani wao. Ningependa badala yake macho yale yale wanayoyatumia kumtafuta fundi kiooni wayatumie kuutazama uvumi.

Walimu wa lugha wanaweza kuanza. Tunawafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa kwa mifano ya chakula kulikwa na mpira kupigwa. Tuwafundishe pia kuuliza ni nani aliyefichwa nyuma ya kitenzi, na kwa nini amefichwa. Vituo vya redio vitangazavyo kwa Ekegusii, ambavyo husikilizwa kuanzia Keroka hadi Ogembo, vinaweza kukataa kutangaza habari ya "inasemekana" isiyo na mtu aliyeisema. Nao machifu wafahamu kwamba sheria ile ile ya 1925, pamoja na kasoro zake zote, imemfanya mkosaji hata mtu anayemshutumu mwenzake hadharani kuwa mchawi. Ulimi wa mshutumu umeandikwa katika sheria. Ni vile tu hauogopwi kama anavyoogopwa bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye wekundu huo ameupata kwa moshi wa jiko la kuni alilopikia wajukuu miaka hamsini.

Neno moja la tahadhari. Sisemi tuwacheke walioondokewa. Mama aliyempoteza mtoto kwa ugonjwa asioujua jina anastahili faraja na maelezo ya daktari, na akikosa maelezo atayapokea popote, hata kwa omoragori anayepiga ramli kwa malipo. Kinachostahili kuchekwa ni maigizo yanayojengwa juu ya msiba wake: daftari lililookotwa, ndoto iliyoota mahali panapofaa, moto ulioonekana usiku na mtu asiyetajwa. Hayo yote yana mawe ya makaburi yanayotikisika kama karatasi, endapo yupo mwenye ujasiri wa kuyagusa.

Katika Ekegusii neno "baba" maana yake ni mama. Mgeni wa pwani huchekeshwa sana anapomsikia mwanamume mzima akimwita mamake hivyo. Mimi hulikumbuka neno hilo kwa sababu nyingine: wengi wa waliochomwa Nyakeo mnamo 2008, na wote wanne waliouawa Marani mnamo 2021, walikuwa watu wa kuitwa "baba" na watoto wao. Jirani atakaposema kesho kwamba fulani amerogwa, tumtake kwanza ataje nani amemwambia, nani aliona, na shamba la mshukiwa linapakana na la nani.